Ulimi wa Simba wa Darajani

Bogi alipokuwa mdogo alikuwa na mdomo kama kasuku. Mama yake, Etelka, alimnyamazisha kwa hadithi ambayo mji mzima wa Budapest unaijua: simba wa mawe wa Daraja la Minyororo hawana ndimi, fundi alisahau kuwachongea. "Na wewe endelea kupayuka, utakuwa kama wao." Mtoto alinyamaza, mama akashukuru. Hakujua anapanda nini.

Miaka saba baadaye, mchana wa Februari, Etelka alikuwa akivuka daraja na kabichi yake ya chumvi kutoka sokoni, akaona skafu ya manjano juu kwenye shingo ya simba. Skafu aliyomfumia Bogi kwa mikono yake mwenyewe.

Bogi alikuwa amelala kifudifudi juu ya makucha ya simba, mkono mmoja umezama kinywani mwa simba. Jiwe lote liling'aa kwa barafu. Upande wa pili hapakuwa na kitu, ila mto.

Chini yake rafiki yake, Kinga, alikuwa akicheka. "Vipi, shoga, umeupata ulimi au simba kakung'ata?"

Mzee mmoja mpita njia alifungua kinywa apige ukelele. Etelka akamdaka mkono. "Baba, nakuomba, usimshtue."

Glavu ya Bogi ikateleza, ikaenda chini. Etelka aliisubiri isikike. Haikusikika.

Yeye ambaye nyumbani humgombeza hata kwa kijiko kuanguka, alitafuta sauti ya jikoni, ile ya siku ya amani.

"Bogi, mwanangu. Supu inapoa."

"Mama? Utanichapa?"

"Sikuchapi. Toa mkono polepole. Shika manyoya ya shingo. Sasa mguu wa kulia. Una haraka gani, simba haendi popote."

Mguu uliteleza. Kinga akaacha kucheka. Mtoto alining'inia kwa vidole, kucha zikakwaruza jiwe, Etelka akasikia kila kucha. Kisha mguu ukapata pa kukanyaga.

Alipofika chini, Etelka alimkumbatia, wote wawili wakajikuta wamekaa juu ya kabichi.

"Mama, ulimi upo," Bogi alisema. "Ni mdogo, uko ndani sana. Mbona uliniambia hana?"

Etelka alivua glavu yake moja, akamvisha kwenye mkono uliobaki wazi.

Wenzangu wenye watoto, uongo wa kumnyamazisha mtoto ni mwepesi kuusema. Lakini mtoto hukua, naye hupanda kwenda kuuhakikisha.