Kibao cha Baa ya Mercy

Mercy alipanda ngazi mwenyewe kukitundika kibao, ingawa goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumgomea tangu mwaka juzi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Mercedito, mwanamume wa miaka hamsini na minane, fundi wa nywele na wa kupamba nyuso. Pale Jaro, upande ule wa mji wa Iloilo, hakuna bibi harusi wala maiti wa maana aliyetolewa nyumbani bila kupita mikononi mwake. Sasa saluni alikuwa ameifunga, na mahali pake amefungua baa ya watu wake: mashoga wa kucheka kwa sauti hadi barabarani, na wale wa kuingia wameivuta kofia hadi puani. Kibao kilisema kwa herufi nyekundu: KWA DELFIN.

"Mama Mercy, kimepinda!" Tonet alipiga kelele kutoka chini. Tonet, mtu mzima wa miaka arobaini na visigino virefu, ndiye aliyekuwa mhudumu na mwimbaji wa baa. "Kulia, juu kidogo. Hapo hapo! Ah, leo marehemu Delfin amenyooka kuliko alivyokuwa hai."

"Koma wewe," Mercy akamjibu, akacheka mpaka akashikilia ukuta.

Delfin alikuwa fundi wa injini za meli. Kila alipopewa likizo alishukia chumba cha juu ya saluni, na alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Kwao walisema amepanga. Mtu gani hupanga chumba miaka kumi na tisa na kula sahani moja na mwenye nyumba, hilo hawakutaka kuulizwa. Moyo ulipomsimama Delfin, mama yake, Mama Puring, aliuchukua mwili siku hiyo hiyo, kisha akamwita Mercy ampambe, maana fundi mwingine wa kumzidi hakuwepo. Mercy alimnyoa, akamchana, akampaka poda, saa tatu nzima, peke yao wawili. Alipomaliza akatazama ndani ya kifuniko cha jeneza, pale wafiwa wanapobandikiwa majina yao kwenye utepe, kila mtu na utepe wake. Akabandika na wake, chini kabisa, baada ya wapwa. Kesho yake asubuhi ulikuwa umebanduliwa.

Kaburi la ukoo lilikuwa na geti la chuma na kufuli. Mwaka mzima Mercy alikuwa akiwasha mshumaa nje ya geti. Basi kama wao hawakulitaka jina lake, yeye angeliweka la Delfin mahali ambapo mtaa mzima utalisoma. Yalikuwa mapenzi, na ilikuwa kukomoa pia, na Mercy hakuona sababu ya kuvitenganisha.

Siku ya tatu Mama Puring akaja, ametoka kanisani, mwavuli mkononi. Alikuwa na miaka themanini na moja na mgongo wa mtu asiyewahi kuomba radhi. Ndani hakuingia. Mercy akamtolea kiti, akauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake kama adabu inavyotaka.

"Mercy, mwanangu," akaanza. Mwanangu ni neno alilolitoa kabatini alipokuwa na shida tu. "Umeandika nini pale juu?"

"Jina, mama."

"La nani?"

"Unalijua. Ulimpa wewe."

"Nilimpa kanisani, sikumpa baa! Leo padre ameniuliza kama mwanangu amefungua biashara huko peponi. Unaniaibisha na uzee huu?"

Bibi akapunguza sauti.

"Siku ya Watakatifu Wote imebaki wiki mbili. Kitoe kile kibao, na geti litakuwa wazi kwako. Utakaa nasi kaburini kutwa nzima, kama watu wengine."

Kukaa kaburini kutwa nzima, na chakula na mishumaa na viti, pamoja na wenye marehemu! Mercy hakutaka kitu kingine duniani.

Bibi alipoondoka, Tonet aliweka mikono kiunoni. "Usithubutu. Hao wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Wewe hujawahi kusimama nje ya geti la mtu wako, Tonet."

"Sijawahi, lakini nakijua kibibi kile."

Mercy alikishusha kibao jioni ile, akakipaka rangi nyeupe, akakirudisha juu kikiwa kitupu. Kwa wiki mbili wateja walikuwa wakikisonta na kucheka, na yeye alivumilia.

Tarehe mosi Novemba alifika makaburini asubuhi na mapema, amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili, amebeba maua na wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba, kama alivyoupenda Delfin. Geti lilikuwa wazi kweli. Aliweka kiganja juu ya jiwe, na kwa dakika nzima aliamini amefanya biashara nzuri.

Kisha akaonyeshwa kiti chake, karibu na ndoo ya maji. Mpwa mmoja wa kike akamjia mbio. "Kaka Mercy, nitengenezee nyusi basi, tunapiga picha!" Akamtengenezea, akawatengenezea na dada zake wawili. Ukoo wote ukajipanga mbele ya kaburi, na mpwa akamkabidhi simu. "Tupige wewe, una mkono mzuri."

Akawapiga picha tatu.

Walipokaa kula, mzee mmoja wa ukoo aliyetoka mbali, Davao, ambaye hakuwahi kufika tangu mazishi, akamgeukia Mama Puring. "Na huyu Delfin, masikini, amemwacha nani? Mke? Mtoto?"

"Hakuacha mtu," Mama Puring akasema.

Mercy alikuwa na wali mkononi, ameshaumenya. Alingoja bibi ashtuke, au angalau atazame chini. Bibi alimtazama yeye, macho makavu. "Mercy, mwanangu, mmiminie mjomba kahawa."

Akammiminia. Kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba mkono haukutetemeka hata kidogo. Aliuchukia mkono ule. Akauweka wali juu ya jiwe, akaaga kwa adabu, na saa sita ilikuwa haijafika alipoingia baa.

"Mbona mapema?" Tonet akauliza. "Wamekufanya nini?"

"Lete rangi nyekundu."

Aliandika mwenyewe, herufi kubwa kuliko za kwanza, na alipomaliza Tonet akasoma polepole: HAKUACHA MTU.

"Watu watauliza maana yake."

"Waulize."

Wakauliza, na wakaambiwa. Hadi Jumapili mtaa mzima ulikuwa umeshajua ni maneno ya nani na yalisemwa wapi. Asubuhi hiyo Mama Puring alisimamisha mlangoni pikipiki ya magurudumu matatu aliyoikodi, lakini hakushuka.

"Nilikwambia utoe jina lake!"

"Nimelitoa, mama. Hayo ni maneno yako."

Bibi akakitazama kibao. Akatazama mlangoni, ambako Tonet na wenzake sita walikuwa wametoka na vikombe vya kahawa. Alitafuta kosa la kumtajia Mercy, na Mercy akaona namna alivyolitafuta.

"Hutalikanyaga tena kaburi lile," bibi akasema mwishowe. "Mpaka nife, na hata nikifa nitakuwa nimewaachia neno."

"Najua, mama."

Dereva akawasha injini. Mercy alisimama pale akitabasamu, kidevu juu, hadi pikipiki ilipokata kona ya kanisa. Ndipo akakaa chini kwenye kizingiti cha baa yake na kulia kwa sauti, mbele ya watu wote, na Tonet akamwingiza ndani, akaufunga mlango.