Kiazi Mnadani

Baba yetu ni mtu mwema, nianze na hilo, maana nikiendelea mtadhani namchukia. Lakini Jumapili ile ya mavuno, jamani, nilitamani nimzibe mdomo kwa kitenge changu.

Mdogo wangu Klara hana nguvu miguuni tangu utotoni. Kwetu huku Irente kila mahali ni kupanda au kushuka, na kiti chake cha magurudumu kikitoka uani tu kimeshakwama. Baba ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni. Kisha mama mmoja wa shamba la jirani, aliyekuwa akipandisha wageni farasi, akafunga kazi na kumwachia Klara farasi mwekundu, mnene, mvivu. Tukamwita Kiazi. Watu walicheka mpaka basi.

Klara hawezi kumbana farasi mbavu kwa miguu kama wapandaji wengine, kwa hiyo alimfundisha kwa sauti, miaka na miaka. "Tulia, baba," anasimama kama kisiki. "Haya, baba," anaondoka. Ukishamkalisha juu, Klara anakwenda kanisani, sokoni, kwa rafiki zake, hamwombi mtu mgongo. Kwa maneno hayo hayo alikwenda Arusha kushindana na wapandaji wenye ulemavu, mara tatu, na mara tatu akarudi na kombe.

La tatu ndilo lililotuponza. Baba alikuwa ameweka nadhiri: Klara akishinda tena, atamtolea Mungu kitu bora kuliko vyote nyumbani. Hakusema kitu gani. Basi ibada ya mavuno ilipokwisha, watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka, makabichi huku, kuku kule, mara Baba huyo anakuja anamvuta Kiazi, shada la maua shingoni.

"Baba, unafanya nini?" Klara akauliza kutoka kwenye kiti chake, tulichokibeba mpaka kanisani.

"Usihofu, mwanangu. Mzee Tobia atamnunua na kukurudishia."

Ndiyo desturi yetu. Unatoa jogoo, mwenzio ananunua, anasema, "Namzawadia aliyemtoa," vigelegele vinapigwa, jogoo analala kwako. Mzee Tobia wa baraza la kanisa hajawahi kukosa. Lakini siku hiyo Tobia alikuwa msibani Mlola, yeye na nusu ya usharika, na Baba kwa furaha zake hakutazama nani yupo na nani hayupo.

Nilipandisha bei mpaka nikaishiwa. Aliyenishinda ni Hamza, mfanyabiashara kutoka Mnazi, kule tambarare, aliyekuwa amesimama kununua kabichi. Watu wakasubiri aseme yale maneno. Angeyajulia wapi? Akalipa, akaomba kamba.

Nikamkimbilia, nikamweleza. Hamza si mtu mbaya. Akamwendea Baba palepale.

"Shikamoo, mzee. Kumbe farasi ni wa binti. Nirudishieni pesa yangu tu, nami nimwache."

"Marahaba." Baba akautazama mlango wa kanisa, akawatazama watu. "Nimeshampa Mungu. Siwezi kumnyang'anya."

"Baba!"

"Yusta, nyamaza."

Nikamgeukia mchungaji. Akasema nadhiri ni ya mwenye nadhiri. Loo! Nikamgeukia Klara. Mikono yake ilikuwa imeshika magurudumu, na magurudumu yamezama kwenye tope. Utamwambia nini mbele za watu baba aliyekubeba mgongoni utoto wako wote?

Hamza akavuta kamba. Kiazi akagoma, masikio yote kwa Klara. Akavuta tena, wapi. Mtu mmoja, kiherehere tu, akavunja fimbo ya mkalitusi akampiga mapajani. Kiazi hakusogea. Akapigwa tena. Hakusogea. Alikuwa anasubiri kuambiwa.

"Haya, baba," Klara akasema.

Kiazi akaondoka. Akateremka mpaka kwenye lori la Hamza bila kugeuka nyuma, maana Klara mwenyewe ndiye aliyemfundisha asigeuke.

Manyunyu yakaanza. Baba akasogea, kofia mkononi. "Mungu atakupa mwingine, mwanangu."

Klara akayaachia magurudumu. Kisha akasema, "Mvua hiyo, Baba. Naomba unibebe."

Baba akageuka, akachuchumaa mbele yake. Klara akamkumbatia shingo, akalia palepale begani kwake, maana hakuwa na pengine pa kulilia.