Kibaraza cha Ndege ya Tatu

Sentimeta sabini. Lusekelo alizigombania miaka miwili mizima, na asikudanganye mtu kwamba sentimeta sabini ni kitu kidogo. Sebuleni kwako ni nafasi ya kuweka stuli. Ndani ya ndege ni vita.

Tuanze na ndege zenyewe. Kampuni iliyomwajiri, pale Manassas, Virginia, ilikuwa inaunda ndege ndogo za wakubwa, wale wasio na muda wa kupanga foleni uwanjani na sisi wengine. Zilikuwa tatu za tumbo moja: chumba cha rubani kile kile, mabawa yale yale, ila kiwiliwili kinarefushwa kila mara. Ya kwanza, ya abiria wanne, ilishaanza kuruka. Ya pili, ya sita, ilikuwa kwenye majaribio. Kitinda mimba, ya abiria wanane, mwaka ule wa 2006 ilikuwa bado ya mbao, mfano tu wa kupimia. Kuta za mbao, sakafu ya mbao, viti vya kweli, mlango wa kweli na vingazi vitano vya kushukia, imekaa katikati ya banda haina mkia wala bawa.

Lusekelo, mhandisi, mtoto wa Tukuyu, ndiye aliyekabidhiwa kupanga nafasi ya ndani ya hiyo ya tatu. Akachora mlangoni, kati ya ngazi na viti vya mbele, kijisehemu kitupu cha sentimeta sabini. Hakina kiti, hakina kabati, ni pa kusimama tu. Kwenye michoro alikipa jina refu la kitaalamu. Moyoni alikiita kibaraza.

"Cha nini?" aliuliza Bi Whitlock, mkuu wa mradi. Hakuuliza kwa ubaya. Mama yule alikuwa mtu wa haki, ila alipenda kuona kwa macho. "Kila sentimeta ni uzito, na uzito unakula mafuta. Mlangoni watu wanapita, Lusekelo. Nionyeshe mtu mmoja anayekaa mlangoni."

Angemwonyesha wapi? Alichokuwa nacho ni kile alichokiona kwenye ile ndege ya kwanza: watu wamesafiri pamoja, wamekula pamoja, halafu wakati wa kushuka kila mmoja anausukuma mgongo wa mwenzake, hakuna anayemtazama mwenzie usoni. Iliudhi, bwana! Lakini kuudhika hakuna kipimo kwenye kompyuta.

Basi wakakubaliana. Jumamosi watu wanane wakae ndani ya ndege ya mbao muda wa saa tano, kamera ikiwa darini, na kila sekunde itakayotumika kibarazani iandikwe. Kikitumika, kinabaki. Kisipotumika, Jumatatu kinakatwa na mchoro unafungwa, na ukishafungwa umefungwa. Tena ole wake mtu awaambie hao wanane kinachopimwa ni nini.

Alhamisi jioni, watu wanane waliokuwa wamepangwa wakaingia mitini. Wote. Lusekelo akashika simu, akampigia Mama Genoveva wa Woodbridge.

Huyu mama kazi yake ilikuwa kutunza wazee huko Springfield, lakini kwa Waswahili wa pande zile alikuwa serikali. Harusi, msiba, ubatizo, maulidi ya jirani, hakuna kikao kilichokaa bila yeye.

"Wanane tu, mwanangu?" alisema. "Nikuletee ishirini?"

"Wanane, mama. Wakae tu kama wako kwenye ndege yao."

"Umepata."

Jumamosi saa tatu asubuhi magari mawili yakaingia. Lo! Ungedhani wamekuja kuchukua bibi harusi. Mama Genoveva kavaa kitenge cha mabega mapana na kilemba cha kukata na shoka. Mzee Laurean wa ubalozini kapiga suti na tai iliyombana hadi macho yanamtoka. Kimutai, muuguzi wa Kikenya kutoka Rockville, mrefu kama mlingoti, katoka kazini moja kwa moja, ila viatu vinang'aa. Bi Whitlock akawakaribisha vizuri, akawaambia wajisikie wako kwao, wafanye lolote wapendalo.

Ambacho Lusekelo hakukijua ni kwamba njiani, kwenye foleni ya barabara ya 95, Mama Genoveva alikwisha kuwapa watu wake maagizo. "Tunakwenda kazini kwa mtoto wetu," aliwaambia. "Nisimwone mtu anamwaibisha mbele ya wazungu."

Wakaingia. Wakakaa. Mikono mapajani.

Lusekelo alikuwa kwenye chumba cha pembeni akitazama kwenye skrini pamoja na Bi Whitlock na Audrey, mtaalamu wa kamera. Saa ya kwanza ikapita, akajipa moyo kwamba watachangamka. Saa ya pili, wapi! Walikaa wima kama wanasubiri kuitwa kwa daktari. Kahawa ikapitishwa, wakasema asante, tumeshiba. Kimutai magoti yalikuwa yanakaribia kidevu; alipoulizwa kama kiti kinamtosha alisema kiko sawa kabisa, hakina shida yoyote. Mzee Laurean jasho lilikuwa linamtiririka na tai hakuilegeza. Hata chooni hawakwenda, jamani, watu wazima wanane!

"Wako sawa kweli?" aliuliza Bi Whitlock.

"Wana adabu," alisema Lusekelo.

Ilipofika saa nane wakagawiwa fomu. Swali la mwisho liliuliza nini kirekebishwe. Mama Genoveva aliandika: Hakuna, Mungu awabariki. Wenzake saba wakaandika hivyo hivyo kwa namna zao. Ulitegemea nini? Unaendaje kwa mtu, unakaribishwa, halafu unaanza kumkosoa viti vyake?

Audrey akasoma hesabu ya kibarazani. Sekunde kumi na moja, nazo ni zile za kuingia.

Bi Whitlock akamwekea Lusekelo mkono begani. "Pole sana," alisema, na alimaanisha. "Jumatatu tutakikata."

Lusekelo alikuwa na uchungu wa kweli, ule wa kumfanya mtu mzima atafute pa kugeuzia uso. Miaka miwili! Na waliomzika ni watu wake mwenyewe, kwa mapenzi. Akavuta pumzi, akatoka kwenda kuwaambia kwamba imekwisha, waende nyumbani, ahsanteni.

"Imekwisha?" alisema Mama Genoveva. "Hatujakuangusha?"

"Hamjaniangusha, mama."

"Alhamdulillahi," alisema dada mmoja wa nyuma, na wote wanane wakasimama kwa pamoja. Mzee Laurean akaivua tai, akaitia mfukoni.

"Haya basi," alisema Mama Genoveva alipofika mlangoni. "Sisi tunakwenda."

"Haya, mama," alisema Lusekelo.

Hakuna aliyekwenda.

"Violet hajambo?"

"Mke wangu hajambo, anawasalimu."

"Na wewe utusalimie. Mwambie nimemkasirikia, kikao cha harusi ya binti wa Laurean hajaja." Hapo Mzee Laurean ikabidi aeleze kikao kilipofikia, na kueleza kikao si jambo la mguu mmoja, akaweka mkoba chini. Kimutai akadakia kwamba ukumbi waliouchagua Rockville si mzuri, anaujua, joto lake wacha tu. Wacha weee! Wawili waliokuwa wameshafika chini wakapanda tena vingazi kuja kubisha. Dada wa nyuma akacheka mpaka akamshikilia mwenzake. Mtu akasema, "Jamani twendeni," na wote wakasema, "Twendeni kweli," kisha mwingine akakumbuka kuuliza habari za mgonjwa fulani.

Lusekelo alikuwa katikati yao, anaitikia tu, hana habari. Alikuwa anaomboleza sentimeta zake.

Bi Whitlock akatoka kwenye chumba cha pembeni, akapanda vingazi taratibu. "Kuna tatizo?" alimwuliza Lusekelo.

"Hapana. Wanaaga."

"Si wanaondoka na magari yale yale?"

"Ndiyo."

"Kwa nini wasiongee garini?"

"Garini nako wataongea," alisema Lusekelo.

Mama Genoveva alipomwona Bi Whitlock akaunyakua mkono wake. Na mkono wa mtu, kwa mama yule, ukishachukuliwa haurudishwi mpaka habari ziishe. Akamwuliza habari za watoto wake, akamwuliza na za mama yake mzazi, na aliposikia kwamba bibi kizee ana themanini na nane na anaishi peke yake, akataka kujua nani anamkanda miguu. Bi Whitlock, mama wa ratiba, akajikuta kaegemea ukuta wa mbao, anasimulia miguu ya mama yake. Machozi yalimlengalenga kidogo. Kimutai akampa ushauri wa kiuuguzi juu ya uvimbe, Mzee Laurean akasogea ili apate pa kusimama vizuri, na wakaenea.

Ndipo Audrey alipotokea chini ya ngazi, uso umejaa kicheko, kashika karatasi.

"Samahanini," alisema. "Utaratibu unasema jaribio linaisha abiria wa mwisho akishashuka. Sijaizima saa."

Bi Whitlock akageuka. "Ngapi?"

"Dakika arobaini na moja. Na zinaendelea."

Bi Whitlock akatazama miguu yake mwenyewe, iliyosimama kwenye kibaraza. Akawahesabu watu: watano pamoja naye ndani ya zile sentimeta sabini, mmoja kwenye kizingiti, wawili ngazini, na wawili waliokosa nafasi wameinama juu ya viti ili wasikie. Mkono wake mmoja ulikuwa bado kwa Mama Genoveva, na hakuutoa.

"Lusekelo," alisema, "sabini hazitoshi. Weka tisini."

Lusekelo alicheka. Alicheka akajishika mbavu, akalia, akamkumbatia Mzee Laurean na suti yake iliyolowa. Mama Genoveva akamvuta shati aelezwe. Sasa hapakuwa na la kuficha, kwa hiyo akamweleza yote, sentimeta na kamera na mkasi wa Jumatatu.

Mama Genoveva akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyetafuta maji mwaka mzima na kisima kiko uani kwake.

"Yaani mwanangu, miaka miwili unahangaika kutafuta watu wa kusimama mlangoni?" alisema. "Sisi? Si ungesema tu!"