Ngozi ya Vyuma vya Lusweti

Msiniambie pole. Pole hairudishi kitu, na mikono iliyofanya ni hii yangu.

Nilitoka Chekalini Jumamosi na unga na kuku, kumtembelea mwanangu Lusweti kwenye chumba alichopanga Shirere. Yeye akaenda mjini kuchapisha makaratasi yake. Mimi sikai bure kwa nyumba ya mtu, hata ya mwanangu. Nikasugua sufuria zake kwa jivu na waya mpaka nikajiona ndani yake. Kwetu mwanamke anajulikananga kwa sufuria, si kwa mdomo, ingawa mdomo pia ninao.

Ndipo nikaona mkebe mezani. Ndani, vipande kumi na viwili vya chuma, vidogo kama stempu, kila kimoja kwenye karatasi yake yenye namba, vyeusi ti. Nikasonya. Mtu wa chuo kikuu anaweka masizi namna hii? Nikavisugua vyote huku nikiimba wimbo wa kanisani. Vikang'aa.

Aliporudi nikamwonyesha kwa furaha. Akavitazama, akakaa kitandani. Nikadhani anaumwa. Akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Vyuma vile ni vya mtambo wa kutoa umeme kwa gesi, na humo ndani joto ni kali ajabu. Alikuwa amevichoma kwenye tanuri ya chuo siku arobaini na mbili, nyuzi mia nane, ili vijiotee ngozi ile nyeusi. Ngozi hiyo ndiyo inayokinga chuma kisiliwe na joto. Jumatatu alikuwa aipeleke Nairobi ikatazamwe kwa darubini, ndipo ahitimu.

"Basi vichome tena, baba," nikamwambia.

Akasema tanuri wamepewa wengine hadi mwaka ujao, na muda wake chuoni unaisha mwezi huu.

Nikangoja anifokee. Mimi ningefoka. Marehemu baba yake angevunja kiti. Lusweti akaokota zile karatasi zenye namba, akavifunga vyuma kimoja kimoja, ingawa hata yeye hakujua tena kipi ni cha namba gani. Kisha akashika mikono yangu, bado ina jivu.

"Mama," akasema, "umevisafisha vizuri sana."

Moyo wangu ukavunjika hapo hapo. Afadhali angenifukuza.

Siku hizi sufuria zangu Chekalini ni nyeusi, na majirani wananisema. Wacha waseme.