Maiki Namba Tatu

Mokami Nyangwine hakuwa mwimbaji, na alimshukuru Mungu kwa hilo, maana waimbaji aliwajua. Kila mmoja huamini kwamba spika zimetengenezwa kwa ajili yake peke yake. Kazi ya Mokami ilikuwa nyuma ya watu, kwenye meza ya miksa, na bendi yao ya kanisa, ya kujitolea, pale Nkende ilimwita fundi mitambo. Siku za kawaida alitengeneza simu. Okinyi, mpiga gitaa la besi, alikuwa fundi cherehani, na Lilian, aliyeongoza nyimbo, aliuza dagaa sokoni. Hakuna aliyelipwa, na jenereta walilipakia wenyewe kwenye pikapu huku wakiguna.

Mkutano wa injili wa Busawe ulipangwa kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, kwenye uwanja wa shule. Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri mpaka Mokami akaanza kuogopa, kwa sababu mitambo ya kanisa ikitulia siku mbili mfululizo, ujue ya tatu ina jambo. Jambo lenyewe lilikuja Jumamosi saa nane mchana, limevaa koti la suti kwenye jua lile lote. Alikuwa Mzee Simioni, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa mkutano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Maiki ya Lilian ni namba ngapi?"

"Tatu."

"Leo akianza kuimba, uishushe. Spika kubwa za uwanjani zisimtoe kabisa. Ila ile ndogo iliyo miguuni pake mwachie, ajisikie mwenyewe, asijue. Christina wa sauti ya pili ataimba sehemu yake."

Asiyejua miksa aelezwe. Kila maiki ina kishikio chake, unakisukuma juu watu wanasikia, unakishusha hawasikii. Lakini spika ndogo ya jukwaani, ile ya mwimbaji kujisikia, ina kitufe chake mbali. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama jukwaani akajisikia vizuri kuliko jana, na uwanja mzima usipate hata pumzi yake. Simioni aliyajua haya kwa sababu Mokami mwenyewe alimfundisha, siku moja mzee alipouliza kwa upole. Mokami alifurahi siku hiyo kwamba mzee anaipenda kazi yake.

"Kwa nini, mzee?"

"Mhubiri wetu kutoka Migori amefika. Kuna mtu amemwambia kwamba huyo anayeongoza nyimbo ni mke wa mwanamke. Ameniuliza. Mimi nimjibu nini?"

Jambo lilikuwa kweli, na halikuwa siri ya mtu. Bibi Mogesi wa Susuni alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe, akamwoa Lilian kwa desturi ile ya Wakurya ya nyumba ntobhu, ili Lilian amzalie wajukuu watakaobeba jina la marehemu mumewe. Wajukuu walikuwa wawili na wanasoma. Baadaye Lilian akaokoka, na Bibi Mogesi akamfuata kanisani. Simioni alikuwepo siku ng'ombe wale walipopokelewa, na nyama aliila mpaka akalamba vidole.

"Si umwambie tu asiimbe?"

"Mbele ya wageni? Unataka tuzue vurugu? Wewe fanya kimyakimya, binti. Ni siku mbili tu."

Na Mokami akafanya. Hapa hakuna wa kumtetea, na yeye mwenyewe hakuwahi kujitetea. Alikuwa na miaka thelathini na moja, ana kibanda chake na akili zake, lakini mzee wa kanisa alisema na mkono wake ukatii kabla kichwa hakijaulizwa.

Lilian aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, wa Hagari kule jangwani, mtumwa aliyezalishwa kwa ajili ya nyumba ya wengine, ambaye Mungu alimwita kwa jina lake. Alifumba macho. Mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakatoka. Uwanjani ilisikika sauti ya Christina tu, nzuri, safi, haina shida na mtu. Mokami alikaa mikono mapajani akiangalia mdomo wa rafiki yake ukifunguka na kufungwa, na akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Bibi Mogesi alikuwa amekuja na akina mama wa Susuni. Wimbo ulipoisha alijikongoja na fimbo yake mpaka kwenye miksa.

"Mjukuu wangu, leo mtoto wangu sikumsikia. Masikio yangu au mashine yako?"

"Mashine, bibi. Waya umekatika."

"Haa. Pole na kazi."

Jioni Lilian naye akaja, bado anang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. "Nilisikika vizuri, Mokami? Maana leo nilijisikia, dada, nilijisikia kweli."

"Ulisikika," Mokami akasema, akajifanya anakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mokami haikufika hata saa tatu asubuhi ya Jumapili. Alikuwa anafunga spika alipomwona Bibi Mogesi anakuja na kuku kwapani, tetea mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Ndugu waliompokea hapo Busawe walimpa kuku huyo kama mgeni wao, akale kwake Susuni.

"Chukua," bibi akasema. "Ukauze, ununue waya. Nataka leo watu wamsikie. Nimezeeka, sijui kama nitamsikia tena kwenye uwanja mkubwa hivi."

Mokami alimtazama yule kuku. Alitamani ardhi ipasuke. Kama bibi angemtukana ingekuwa nafuu.

"Bibi, hakuna waya uliokatika. Mimi ndiye niliyemzima."

Akamwita na Lilian pale pale, akawaeleza wote wawili, bila kuruka kitu: aliyemtuma, kwa nini, na namna alivyofanya. Lilian alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo jana," alisema polepole, "machozi yote yale niliyaliia spika ya miguuni pangu."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini si sasa. Sasa nimekasirika." Akapangusa uso kwa khanga. "Leo napanda. Mimi sikuitwa na Simioni. Kama nitasikika au sitasikika, hilo ni la kwako."

Bibi Mogesi alimnyanyua kuku wake, akaondoka naye.

Ibada ilipoanza uwanja ulijaa mpaka kwenye uzio wa minyaa. Mhubiri wa Migori alikaa mbele kwenye kiti cha sofa kilichoazimwa kwa mwalimu mkuu. Bendi ikapanda. Tonny akagusa kinanda, Okinyi akaingiza besi, na Lilian akasimama mbele ya maiki namba tatu. Simioni alikuja mwenyewe kwenye miksa, akasimama nyuma ya kiti cha Mokami, akainama.

"Kama jana," akanong'ona.

Mokami alijua anachoweza kupoteza: meza ile, Jumamosi za mazoezi, na watu pekee duniani waliomhesabu kuwa fundi kabla hawajamhesabu kuwa mwanamke asiyeolewa. Akapiga moyo konde. Akachukua maiki ya mezani, ile ya kutangazia watoto waliopotea na pikipiki zilizoziba njia.

"Bwana asifiwe," alisema, na spika zote zikasema naye. Kinanda kikanyamaza. "Mimi ni Mokami, fundi mitambo. Jana dada Lilian aliimba hapa na hamkumsikia. Vyombo vilikuwa vizima. Mimi nilimzima, na nilimwacha ajisikie mwenyewe ili asijue. Niliambiwa nifanye hivyo kwa sababu ametolewa ng'ombe na mwanamke. Nimetenda dhambi, na ninatubu mbele yenu. Leo sizimi. Anayetaka Lilian azimwe, maiki yake ni namba tatu. Aje aizime kwa mkono wake, sisi wote tukimwangalia."

Akaweka maiki chini, akasimama, akakiacha kiti wazi.

Halafu Okinyi, ambaye huwaita dada wote wa bendi kwa Kijaluo, akasema kwenye maiki yake, "Sawa sawa, nyamera," na Tonny akaanza kinanda upya.

Simioni angeweza kuondoka. Lakini watu walikuwa wamegeuka, mhubiri wa Migori naye kageuka kwenye sofa yake, na mwenyekiti hawezi kurudi nyuma mbele ya umati. Akakaa kwenye kiti. Akatazama meza ile, vishikio kumi na sita vimejipanga, vitufe kila mahali, na ikawa dhahiri kwa aliyekuwa karibu kwamba hajui aguse kipi.

"Hiki hapa, mzee," Mokami alimwambia kwa adabu yote. "Chenye plasta nyekundu. Vuta chini."

Simioni akaweka kidole kwenye plasta nyekundu.

Lilian akaanza. Leo hakufumba macho. Alimtazama Simioni juu ya vichwa vya watu wote, akamwimbia Hagari, akamwimbia mtungi mkavu na mtoto aliyewekwa chini ya kichaka. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo wa hasira, na Mokami hakuurekebisha. Ubeti wa kwanza ukaisha, kidole bado kipo. Kule katikati Bibi Mogesi akasimama. Akasimama na wa kando yake, na wa nyuma yake, mpaka akina mama wa Susuni wote wakawa wamesimama. Hawakucheza, hawakupiga vigelegele. Waliangalia kidole tu.

Kiitikio kilipoingia Simioni aliutoa mkono wake, akaufuta kwenye koti, akainuka. Mokami akarudi kwenye kiti chake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusukuma namba tatu juu kidogo kuliko ilivyostahili, mpaka pale ambapo fundi mwenye akili husimama. Kisha akapitisha kidogo.

Mhubiri wa Migori alihubiri habari za Nuhu, wala hakuuliza tena habari ya mke wa nani.

Jioni walipokuwa wanapakia pikapu, Simioni alikuja. Alikuwa amevua koti.

"Lete ufunguo wa stoo ya vyombo," alisema. "Umenidhalilisha. Tena mbele ya wageni. Kuanzia leo hutashika mitambo ya kanisa."

Lilian aliacha kubeba stendi. Okinyi akaweka jenereta chini. Mokami alikuwa anakunja waya mrefu.

"Siutoi, mzee," alisema. "Hiyo miksa tumeibeba wenyewe miaka sita, na kwa miaka hiyo sita nimeitumia vibaya siku moja tu. Siku yenyewe ni ile niliyokutii wewe."

Kisha akainama, akaendelea kukunja waya.