Tao la Kurasa Mia Tatu

Bibi harusi alitaka harusi ya maktaba. Si harusi ndani ya maktaba, la, huko kuna vumbi na watu wanaosoma. Alitaka ukumbi wa kukodi upambwe ufanane na maktaba, wageni wapate pa kupigia picha. Mwenyewe kitabu cha mwisho kukimaliza kilikuwa na picha ya bata kila ukurasa, lakini anakoolewa ni kwa wasomi, na baba mkwe ana chumba kizima cha vitabu ambacho hufunguliwa akija mgeni.

Basi akamwendea shangazi yake. Angemwendea nani mwingine? Shangazi ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, na Shangazi ndiye fundi wa kujalidi vitabu: miaka thelathini na moja kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, anashona kurasa zilizochomoka na kubandika majalada yaliyotafunwa na panya, na mengine na watoto wa watu.

"Shangazi, nataka tao la maua ya karatasi, tupite chini yake," bibi harusi alisema, huku akishusha mlangoni maboksi manne ya vitabu vikuukuu. "Unachana tu kurasa, unakunja, unagundisha."

"Nachana tu," Shangazi alisema. "Miaka yote hiyo naunganisha, leo nimepandishwa cheo, nichane. Hongera zangu."

"Shangazi bwana! Halafu..." Bibi harusi akaanza kuzikagua kucha zake mpya moja moja. "Wakikuuliza, usiseme umetengeneza wewe. Ukweni nimewaambia kuna kampuni ya mapambo. Wanapenda vitu vya kampuni. Na wewe meza yako ni ya kumi na mbili, nzuri tu, karibu na mlango."

Mlango wenyewe, Shangazi alikuja kuujua baadaye, ulikuwa wa kwendea msalani.

Aliumia, tena sana, ingawa mtu angemwuliza angekana. Ukweni hata sura yake walikuwa hawaijui. Alichokitaka kwenye harusi ile kilikuwa kidogo: mtu asimame aseme, huyu ndiye aliyemlea. Dakika moja. Hata nusu ingetosha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Inaelekea hawakuwahi kualikwa ukweni kwa wasomi.

Kazi akaifanya wiki tatu, juu ya meza ya sebuleni. Na hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mkono uliozoea kuponya vitabu uligoma kuvichana. Kila aliposhika mkasi alijiona mchinjaji. Basi akachagua kimoja kinene, akakifumua kwa ustaarabu, karatasi kwa karatasi, akakunja kila moja ikawa waridi bila kuikata, kisha akayashona maua yote kwa uzi mmoja, kwa kufuata namba za kurasa. Gundi hapana. Fundo hapana. Alitumia mshono wa mnyororo, ule ambao ukivuta mwisho wake unafumuka wote, na mwisho wenyewe akauchomeka chini ya ua la mwisho. Hesabu yake ilikuwa rahisi: harusi Jumamosi, Jumatatu anavuta uzi, kurasa zinarudi kila moja mahali pake, na hakuna kitabu kilichokufa kwa ajili ya picha. Akili nyingi huondoa maarifa. Alisahau kwamba kuna watu hawawezi kuona ua wasilichume.

Siku ikafika. Tao lilipigwa picha kuliko maharusi. Mama mkwe, mwanamke mrefu anayezungumza kama anasahihisha mtihani, alilizunguka mara mbili.

"Hii kampuni inajua kazi," alimwambia bibi harusi. "Hawa ndio watu, si hawa mafundi wenu wa vichochoroni."

Bibi harusi akacheka kwa meno tu. Shangazi, ambaye alikuwa amejipitisha pale kwa bahati mbaya ya makusudi, alisikia kila neno, akarudi zake mezani.

Hapo mama mkwe akalitamani ua la chini kabisa, lile la mwisho, alichomeke kifuani. Akalichuma. Uzi ukamfuata. Akauvuta ukatike, lakini uzi wa vitabu haukatiki kwa hasira. Akauvuta tena. Loo! Maua yakaanza kushuka, kwanza moja moja kwa adabu, kisha kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Mia tatu nzima, juu ya zulia, juu ya keki, juu ya kichwa cha baba mkwe, ambaye siku hiyo alikaribiana na kurasa kuliko mwaka mzima.

"Kampuni gani hii?" mama mkwe alifoka. "Nipe namba yao! Waje sasa hivi!"

Macho ya bibi harusi yakazunguka ukumbi mzima mpaka meza ya kumi na mbili. Shangazi aliyajua macho yale. Yalimwomba amwokoe.

Na dakika yake ndiyo hiyo sasa, imekuja yenyewe: watu mia mbili kimya, kipaza sauti hatua tatu. Angesema tu. Akainuka, akapita katikati ya meza, akafika mbele.

"Samahani sana, mama," alimwambia mama mkwe. "Mimi natoka kwenye kampuni. Huwa wanamwacha mtu mmoja kwa ajili ya dharura."

Akatoa sindano kwenye mkoba, akapiga magoti na gauni lake jipya, akaanza kuokota kurasa na kuzipanga kwa namba. Alishona saa nzima. Safari hii alipiga fundo kila baada ya ua.

"Afadhali," mama mkwe alisema tao liliposimama. "Mpeni chakula huyu mama. Ale hukohuko nyuma."

Bibi harusi alikuwa pembeni yake. Shangazi akainua uso, akamngoja. Alingoja kweli, jamani.

"Asante, fundi," bibi harusi alisema.

"Karibu, mwanangu."

Hakuna aliyeshtuka. Wanawake wa umri ule humwita kila mtu mwanangu, hata muuza mkate. Ni bibi harusi peke yake aliyeinamisha uso, na poda iliyopakwa kwa saa tatu ikaanza kuchirizika.