Goti la Nunow

Faduma hakumwamini mtu yeyote aliyemwambia asubiri. Siku alipompeleka mwanawe Nunow zahanati, alitaka sindano. Kama hakuna sindano basi vidonge. Na kama hakuna vidonge, angalau bendeji. Akaambiwa asubiri. Jamani!

Nunow alikuwa na miaka kumi na minne, na mbio zilikuwa zimemwingia damuni. Shuleni wenzake walizoea kuuona mgongo wake tu. Mshindi wa maili moja angepelekwa Nairobi, na mwaka ule wa 1966, kijana wa Kisomali kupata ruhusa ya kutoka Garissa halikuwa jambo dogo. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa vimewabana watu, hata kwenda kuchota maji mtoni ilibidi ujieleze. Faduma alitaka mwanawe apande gari aende zake, akae mbali na bunduki. Lakini goti lilikuwa linamuuma, na chini yake palikuwa pamejitokeza kinundu kigumu.

Daktari, mtu wa Taita mwenye subira, aliuliza kama mtoto alianguka. Hapana. Kama maumivu humwamsha usiku. Hapana. Akampima homa, akamzungusha nyonga, kisha akakibonyeza kile kinundu kwa kidole gumba. Nunow akaruka nusura aanguke kutoka kitandani.

"Mama, hapa mfupa unakua, na kano inauvuta kila akikimbia," alisema. "Si ugonjwa wa kuogopa. Aache mbio na kuruka kwa miezi kadhaa, umwekee kitambaa cha maji baridi. Akimaliza kukua, maumivu yataisha."

Nunow alimtafsiria mama yake. Kisha akauliza, "Na mashindano?"

"Yatakuja mengine."

Yatakuja mengine! Maneno ya mtu mwenye ruhusa ya kwenda kwao wakati wowote akitaka. Faduma alirudi nyumbani akifoka njia nzima. Daktari gani huyu, hana hata kidonge cha kudanganyia?

Nunow mwenyewe ndiye aliyemwomba mama yake. "Hooyo, mwite abti anichome."

Abti wake, yaani mjomba, alikuwa Kulow, mdogo wake Faduma. Alichoma ngamia na watu kwa chuma cha moto tangu ujanani, kama baba yao, na hapakuwa na aliyeona ajabu. Mgongo ukiuma, unachomwa. Ini likivimba, linachomwa. Kulow alisitasita, akasema goti ni mahali pabaya, lakini dada mtu alikwisha washa moto. Faduma alimshika mwanawe mabega kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto hakulia. Alifurahi, maskini, akidhani sasa atakimbia.

Hakukimbia. Kidonda kilitunga usaha, mguu ukawa haukunjiki.

Kabla hakijapona, askari waliuzingira mtaa alfajiri. Waliwatoa wanaume na wavulana wote, wakawapanga mstari, wakawaamuru wapandishe vikoi. Walikuwa wanakagua magoti. Anayefyatua bunduki hupiga goti, ndivyo walivyoamini, na goti lenyewe litamtaja. Wazee wenye sugu za kuswali walipigwa makofi kwa ajili hiyo. Wakafika kwa Nunow: kinundu, kidonda cha mviringo, na mguu wa kuchechemea.

"Risasi hii," alisema afande wao.

"Siyo risasi! Mtoto yangu naumwa na goti! Uliza daktari!" Kiswahili cha Faduma kilikuwa cha kuuzia maziwa, lakini siku hiyo kilimtoka chote.

Na afande, tuseme haki, alituma mtu amwite daktari. Faduma akamshukuru Mungu kwa sauti, akidhani mambo yamekwisha. Daktari alikuja mbio, akamtambua Nunow, akaeleza habari ya mfupa na kano vizuri kabisa.

"Ulipomwona, alikuwa na kidonda hiki?"

Daktari alimtazama Faduma. "Hapana. Lakini watu wa huku huchomana wakiumwa..."

"Uliona akichomwa?"

"Sikuona."

"Basi."

Daktari hakusema uongo hata kidogo, na sasa mwanawe alikuwa anakwenda. "Nachomwa na chuma! Mimi nashika yeye!" Faduma alipiga kelele.

"Nani alimchoma?"

Hapo alikwama. Kulow alikuwa palepale mstarini, kikoi kimepandishwa, macho mchangani. Faduma alimtazama ndugu yake, kisha akamtazama mwanawe aliyesimama kwa mguu mmoja. Angefanya nini? Akanyoosha kidole.

Kulow hakukana. Alisogea mbele, akasema kwa utulivu, "Ni mimi. Mimi ndio nilimtibu."

Uso wa afande ukakunjuka. "Kumbe! Ndiwe daktari wa shifta, tumekutafuta siku nyingi."

Wakawapakia lorini wote wawili. Nunow hakuweza kupanda, Kulow akambeba. Faduma alilikimbilia lori akipiga mayowe kwamba amekosea, kwamba siye, kwamba mtu yule hata hamjui, mpaka daktari akamkamata mkono asije akapigwa risasi. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena.